Mashua Iliyoshushwa Bila Kondoo

Neno lenyewe nililipata dukani kwa Miss Eulyn, nilipokwenda kununua unga. Alinipimia, akafunga mfuko, kisha akaushikilia asinipe. Akainama juu ya meza kama mtu anayetaka kukunong'oneza habari za mgonjwa.

"Merlina, nasikia binti yako anakwenda Bequia na ile mashua."

"Anakwenda. Mashindano ya Pasaka."

"Na Ismena?"

"Na Ismena, ndiyo. Kwani tuna mashua nyingine?"

"Mimi sisemi kitu," akasema, na Miss Eulyn akianza hivyo ujue atasema. "Watu ndio wanasema. Ile mashua haikunywa damu siku ya kuingia majini. Sasa wanasema itajitafutia yenyewe. Na itaanzia kwenye nyumba iliyoijenga."

Nyumba iliyoijenga ni yetu.

Nililipa, nikachukua unga wangu, nikaondoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa najiambia huyu mama hana kazi. Lakini nilipofika nyumbani nilikuta nimeubana ule mfuko kifuani mpaka umepasuka, na gauni lote jeupe.

Ismena aliijenga baba yangu, mzee Cosnel, hapa hapa pwani, kijijini Windward, akaipa jina la marehemu mama. Mbavu zake zilikuwa zimesimama tayari kimbunga cha Beryl kilipokuja kikang'oa mapaa ya kisiwa kizima. Nyumba zilikwenda, minazi ikalala, mashua za watu zikarundikana kwenye mikoko kama viatu mlangoni. Mbavu za Ismena zikabaki zimesimama. Hilo nalo watu walilitazama kwa jicho baya.

Sasa, kwetu Carriacou, kisiwa hiki cha Karibi, mashua haiingii majini kavukavu. Kondoo anachinjwa omoni, mbele ya mashua, mbuzi tezini, nyuma yake, padri anabariki, ramu inamwagwa, ngoma zinapigwa, watu wanakula. Ndipo wanaume wenye mashoka wanaanza kukata nguzo zinazoishikilia, upande mmoja, taratibu, huku wanaimba, mpaka inalala ubavu. Ndipo inavutwa kwa kamba hadi baharini. Lakini mwaka ule kondoo angetoka wapi? Waliobaki walihesabika, na wenyewe hawakutaka hata wapite karibu na mtu mwenye kisu. Na watu walitaka mashua ya kubebea mabati na saruji, tena haraka. Baba akasema Mungu anaiona hali yetu. Akamwaga ramu, akasali, akachukua shoka lake, akakata nguzo za upande wa bahari mwenyewe. Ismena ikaingia majini bila tone la damu.

Baadaye baba akafariki. Alikuwa mzee, alikuwa na moyo mbovu, na alifia kitandani kwake. Watu walinipa pole, wakala, wakaenda zao wakahesabu: mmoja.

Tessia ni mtoto wangu wa pekee. Nilimwambia maneno ya Miss Eulyn jikoni, akiwa anakwangua sufuria. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, huyu si ndiye aliyesema chanjo itatuotesha mikia?"

"Cheka tu."

"Sasa mkia wangu uko wapi? Nitazame vizuri!"

Mimi sikucheka. Akanitazama usoni, na kicheko chake kikaisha kidogo kidogo.

"Kwa hiyo hulali kwa ajili ya hilo?"

"Silali."

Akaendelea kukwangua sufuria mahali palipokwisha kuwa safi.

Siku ya kuondoka nilishuka pwani na jiko langu la makaa, ndoo ya mchanga wa kuliwekea, sufuria mbili na begi la nguo. Tessia alikuwa juu ya mashua anafunga tanga.

"Mama, unakwenda wapi na masufuria?"

"Bequia."

"Tunakwenda marafiki watupu."

"Na mimi ni rafiki. Nani rafiki yako wa zamani kunishinda mimi?"

Curlan ndiye aliyenipokea jiko. Huyu ni kijana wa jirani, mkubwa kama mlango, aliyempigia baba misumari ya Ismena kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. "Muache Tanti aje," akasema, maana Tanti, yaani shangazi, ndivyo vijana wanavyoniita. "Mimi nilikuwa naogopa kufa kwa njaa. Na Shervone akipika, naogopa kufa kwa njia nyingine."

"Utapika mwenyewe, jitu wewe," akasema Shervone. Huyo amesoma darasa moja na Tessia tangu wana meno ya maziwa. Hawezi kukaa kimya, hawezi kukaa bila muziki, na simu yake haitoki mkononi hata akiwa anakula.

Basi tukawa wanne. Wakati tunaondoka nilikumbuka kitu kidogo. Asubuhi ile nilipofunga mlango wa jikoni, msumari wa nyuma ya mlango, ule wa shoka la baba, ulikuwa mtupu. Nikadhani Curlan ameliazima. Nikasahau.

Kwenda hakukuwa na shida ambayo mtu mwingine angeiita shida. Upepo mzuri, anga safi, kisiwa kimoja hakijaisha nyuma kingine kinatokea mbele. Union, Mayreau, Canouan, unavipita kama nyumba za majirani. Dira ilikuwa juu ya kijisanduku tezini, mbele ya mshika usukani, na hakuna aliyeitazama. Ya nini, na kisiwa unakiona?

Tulilala Mayreau, nanga imeshika mchanga. Nilipika chungu kimoja cha mashelisheli, samaki wa chumvi, majani ya magimbi na tui, mpaka tui likakauka likawa mafuta. Wakala kwa vidole, wakalumbana nani amepata kipande cha chini kilichoungua. Asubuhi nikawakaangia mikate, nikachemsha kakao na jani la mdalasini. Walioga kwa kurukia baharini, wakajisuuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi kila mtu, maana nililinda pipa la maji kama askari.

"Tanti, nusu kikombe kingine tu, sabuni imebaki sikioni."

"Sikio litanawa mvua ikinyesha."

Wao walifurahi. Nami nilifurahi nikiwatazama, sitaki kusema uongo. Lakini usiku wao walilala juu ya tanga kama mizigo, mimi nikalaza sikio kwenye mbao. Nilikuwa nasikiliza kama maji yanaingia. Nilisikia kitu kinakwaruza, kama kucha, kinaanza, kinaacha, kinaanza. Nikamwamsha Curlan.

"Mbao mpya hiyo, Tanti, inajikalisha sawa," akasema bila kufumbua macho. "Hata wewe kiuno kinalia ukiinuka."

Kila kamba iliyokatika niliisogeza mbali na Tessia. Alipopanda mlingoti kulegeza kamba iliyonasa, nilikwenda chini nikafumba macho, nikahesabu pumzi zangu mpaka nikasikia miguu yake imegusa sitaha. Alipochubuka kidole kwenye nanga ndogo ya chuma tunayoiita pweza, niliifuta ile damu kwenye mbao na kitambaa kabla haijakauka. Sikutaka mashua iijue ladha yake. Nasema hivi ili mjue hofu inamfikisha mtu wapi.

Bequia kulijaa mashua za kila kisiwa. Ismena haikushinda, wala haikushika mkia. Curlan alirukia maji kwa furaha na simu yake mfukoni, ikafa hapo hapo. Redio ya mawasiliano waliiazima vijana wa mashua nyingine kwa ajili ya mashindano, na hakuna aliyekumbuka kuidai. Shervone alipiga picha za kila kitu kilichoelea.

Jioni moja ufukweni alikuja mzee mmoja wa Bequia, amevaa kofia ya majani, akaizunguka Ismena alipoiona imeegeshwa karibu na nchi. Alitazama mbao, akatikisa kichwa kwa kusifu. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa:

"Mama, hii ndiyo ile iliyoshushwa bila kondoo?"

Tulikuwa tumeuacha ule uvumi Windward. Ulikuwa umetutangulia.

Asubuhi ya kurudi niliamka nikaona dunia imebadilika rangi. Vumbi lilikuwa limeingia, lile linalovuka bahari nzima kutoka jangwani Afrika na kutufikia hapa limekuwa laini kama poda. Anga ilikuwa ya maziwa. Mlima wa Bequia wenyewe, ulio juu ya vichwa vyetu, ulionekana kama umechorwa kwa penseli na kufutwa.

"Tungoje," nikasema.

"Mama, kesho niko zamu kazini," akasema Tessia. "Nimeshaomba ruhusa mara mbili."

"Njia yenyewe naijua nikifumba macho," akasema Curlan.

"Basi leo ndiyo siku yako," akasema Shervone, "maana hata ukifumbua ni hivyo hivyo."

Wakacheka. Tessia akanishika bega. "Tuna dira, mama. Babu alikuwa anavuka bila kuona kitu, na dira hiyo hiyo. Tunaelekeza omo kusini kidogo magharibi, tunaweka hapo hapo, jioni tuko nyumbani."

Wao watatu, mimi mmoja. Tukang'oa nanga.

Bequia ilipotea nyuma yetu kabla sijamaliza kufunga masufuria. Hapakuwa na mstari kati ya maji na anga. Ilikuwa kama kusafiri ndani ya bakuli la uji. Upepo ulikuwa mdogo, wa joto, na ulikuwa na vumbi linalokaa kwenye meno. Tessia alishika usukani, macho kwenye dira, hata mzaha akauacha. Shervone aliweka muziki, lakini baada ya muda simu yake ikazima, amemaliza chaji kwa mapicha yake, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko muziki.

"Canouan itatokea kushoto," akasema Curlan.

Haikutokea.

"Imefichwa na vumbi," akasema. "Tumeshaipita. Sasa itakuwa Mayreau."

Niliwapa mikate iliyobaki na samaki. Hakuna aliyegombania kipande. Wakala wanatazama kushoto, wote watatu, kama watu wanaongoja mgeni. Nami nilitazama kushoto mpaka macho yakaanza kunitengenezea visiwa. Nikiona kimoja nasema "kile pale!" na kikiyeyuka nanyamaza. Baadaye nikaacha kusema.

Mayreau haikutokea.

Maji yalibadilika. Mimi si nahodha, lakini nimezaliwa pwani. Kati ya visiwa vyetu mawimbi ni mafupi, yanagongana, yanakurushia mate usoni. Haya yalikuwa marefu. Yalikuja yakatuinua taratibu, yakatushusha taratibu, kama yana muda mwingi nasi. Na hapakuwa na ndege hata mmoja.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Kwenye lile vumbi ungeweza kulitazama bila kukunja jicho, jeupe, kama yai lililochemshwa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlingoti nikitazama omo, na jua lilikuwa karibu usoni kwangu.

"Tessia, tukiwa tunarudi nyumbani mchana, jua si huwa bega la kulia?"

"Huwa."

"Mbona sasa linanitazama?"

Akanyanyua macho, akatazama jua, akaitazama dira, akatazama jua tena. "Dira inasema tuko sawa."

"Mimi naona jua."

"Mama, jua linahama! Dira haihami!"

Alikuwa hajawahi kunipandishia sauti namna ile. Curlan akaja akasimama nyuma yake, akaitazama dira. "Iko sawa, Tanti," akasema, lakini alisema polepole. Shervone akamwomba Tessia simu yake, ile waliyokuwa wameitunza imezimwa. Wakaiwasha. Ikawaka, ikaonyesha bahari ya buluu na kialama kinachozunguka, kinatafuta, kinatafuta. Haikuonyesha kisiwa hata kimoja. Chaji yake ilikuwa ndogo, ikazima. Yangu mimi ni ya vitufe, tena haikuwa na mtandao.

Shervone akauliza kwa sauti ndogo, "Mbele yetu kuna nini?"

Mbele yetu, tukiwa tumeshavipita visiwa, hapakuwa na kitu mpaka Venezuela.

Hapo ndipo lile neno lilinitoka. Nilikuwa nimelibana safari nzima na likanitoka kama kikohozi.

"Imeanza," nikasema. "Miss Eulyn alisema. Ilimchukua baba, sasa inakutaka wewe. Haikunywa damu, Tessia, haikunywa damu!"

"Mama, nyamaza!"

"Sinyamazi! Inatupeleka yenyewe! Unaona dira iko sawa na hatuko sawa, nani anayeipeleka?"

"Haiwezi kutupeleka popote!" Tessia alikuwa analia sasa, mikono yote miwili kwenye usukani. "Haiwezi kunifanya kitu, kwa sababu nimelileta shoka la babu! Lile lile lililokata nguzo. Watu wa zamani walisema shoka lililoishusha mashua likiwa ndani yake, mashua inatulia. Nimelileta kwa ajili yako, mama, ili ulale! Na hujalala hata siku moja!"

Nikakumbuka. Msumari mtupu nyuma ya mlango.

Curlan akauliza, taratibu sana, "Tess. Shoka liko wapi?"

"Hapo chini. Kwenye kijisanduku."

"Kijisanduku kipi?"

Tessia akatazama chini, mbele ya usukani. Kilikuwa kimoja tu tezini, na juu yake palikuwa pamekaa dira.

Sikuelewa mara moja. Niliona tu sura ya Curlan imegeuka kama ya mtu aliyepigwa kofi. "Chuma," akasema. "Mungu wangu. Chuma chote kile chini ya sindano, kinaivuta."

Tessia aliuachia usukani, akapiga magoti, akavuta mlango wa kijisanduku. Wimbi moja refu likaja. Hakuna aliyekuwa ameshika usukani, Ismena ikageuka ubavu, boriti ya tanga ikapita juu ya vichwa vyetu na kishindo, na Tessia alikuwa anasimama na shoka mkononi. Mguu ukamteleza. Shoka likamtoka. Nililiona linaanguka, nikaona linavyogeuka hewani mara moja, mpini kwa makali, likamshukia juu ya mguu.

Hakupiga kelele. Alikaa tu chini, akautazama mguu wake kama si wa kwake. Kisha damu ikaja. Ilikuja nyingi, ikafuata mtaro wa kati ya mbao mbili zile alizozipanga baba, ikakimbia mpaka ukingoni, ikaingia baharini.

Mdogo wangu unayesoma hii, mimi sitaki kukuambia nilichokiwaza wakati ule. Nilichokifanya ni hiki. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja, nikakibandika pale na mikono yote miwili, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Nikamwambia Shervone aniletee begi la nguo tuuinue mguu juu yake. Alilileta mbio.

"Tanti, damu haiachi."

"Itaacha. Lete gauni langu lile la kanisani, lichane."

"Lile la maua?"

"Chana!"

Curlan alikuwa amelikamata shoka akakimbia nalo mpaka omoni, akalifunga huko kwa kamba. Aliporudi kwenye usukani akaita, na wote tukatazama. Sindano ya dira ilikuwa inageuka. Ilikwenda taratibu, kama mtu anayeamka usingizini, ikapita pale tulipokuwa tumeiamini kutwa nzima, ikaendelea, ikatulia mbali.

"Tumekwenda magharibi," akasema Tessia. Alikuwa amelala, kichwa mapajani kwa Shervone, midomo imekuwa ya kijivu. "Tangu asubuhi tumekwenda magharibi. Curlan, geuza kushoto. Kusini mashariki. Kaza tanga mpaka lilie. Union haiwezi kuwa mbali sana, upepo ulikuwa mdogo."

"Na kama nimekosea pembe?"

"Usikose."

Tukageuka. Ismena ililala ubavu ikaanza kukata mawimbi, na maji yakaturukia, na kila wimbi lilipopiga mikono yangu iliteleza nikashika upya. Curlan aliwasha na mashine ndogo ya nyuma, tuliyoibeba kwa dharura, mafuta yakiwa ya kubahatisha. Tessia alitaka kulala. Nilimkatalia.

"Niambie majina ya walimu wako wote wa msingi."

"Mama, jamani."

"Niambie!"

Akaanza. Alipofika wa tatu akarudia wa kwanza. Shervone akamfinya shavu. "Umemsahau yule wa hesabu aliyekupenda, muongo wewe. Yule wa meno." Tessia akatabasamu macho yamefumba, na mimi nikaona kitambaa cha pili kimelowa.

Jua lilikuwa chini sasa, nyuma yetu, na vumbi lote limekuwa rangi ya kutu. Mashine ikakohoa ikazima, mafuta yameisha. Nilijua kwamba giza likiingia hatujaona kitu, tutapita katikati ya visiwa tusivione, au tutavigonga. Nilijua pia kitambaa cha tatu ndicho cha mwisho. Sikuomba kwa maneno. Nilikuwa nasema tu, siye huyu, siye huyu.

Shervone ndiye aliyeona. Alinyoosha mkono juu bila kusema neno, na yeye si mtu wa kukosa neno. Ndege watatu walipita juu ya mlingoti, wakubwa, wa kahawia, wanaruka chini na kwa haraka kama watu wanaotoka kazini. Kisha wengine wawili. Wote walikuwa wanakwenda upande mmoja.

"Wanakwenda kulala," akasema Curlan. "Ndege wa baharini hulala nchi kavu." Akasogeza usukani kidogo tu, akawafuata.

Kilele cha Union kilitokea juu ya vumbi, si mbele tulipokuwa tunatazama bali juu zaidi, cheusi, kirefu, karibu mno. Curlan alipiga yowe. Tuliingia ghuba ya Chatham, upande ule usio na upepo, mwanga ukiwa umebaki kidogo tu. Watu waliokuwa wanachoma samaki ufukweni walituona tunapunga gauni la maua lenye damu, wakaja na boti ya mashine, wakatuzungusha mpaka zahanati ya mjini Clifton. Muuguzi alimshona Tessia huku ananigombeza mimi nitoke mlangoni. Sikutoka.

Yu hai. Anachechemea asubuhi kukiwa na baridi, na kidole kikubwa hakikunji, lakini yu hai na anazozana na mimi kama kawaida.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Wiki ile ile nilikwenda kununua unga. Miss Eulyn alinikumbatia juu ya meza, akalia machozi ya kweli, kisha akanisogelea sikioni.

"Afadhali, Merlina. Sasa imeshakunywa. Sasa mashua imetulia."

Nikamwambia mashua ni mbao. Nikamwambia kilichotupoteza ni chuma kilichowekwa mahali pabaya, na kilichokiweka pale ni maneno yake na usingizi wangu uliokosekana. Akanitikisia kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mfiwa.

Na sasa nasikia vijana wawili wa Petite Martinique wameweka panga la babu yao ndani ya mashua yao, chini kabisa ya tezi, kwa sababu wamesikia Ismena ilirudi salama na shoka. Hicho ndicho kimenikalisha mezani kuandika. Shoka la baba liko kwenye msumari wake. Bado usiku nasikiliza kama mlango unafunguliwa na mtu analichukua.

Bandikeni hii pale mnapofunga mashua. Yafuatayo msiyafanye:

Msiweke shoka, panga, nyundo, sufuria ya chuma wala spika ya muziki karibu na dira. Hata chini yake. Hata ndani ya kitambaa.

Msiondoke siku ya vumbi kwa sababu ya zamu ya kazini.

Msiiamini dira ambayo hamjailinganisha na kisiwa mnachokiona kwa macho kabla ya kutoka.

Msizipuuze alama nyingine. Jua likikataa, simameni.

Msiazimishe redio ya mawasiliano.

Msimalize chaji za simu zote kwa picha. Moja izimwe, ifungwe kwenye nailoni, na ramani iwe imepakuliwa mkiwa nyumbani.

Usiachie usukani kabla mwenzako hajaushika, hata mama yako akiwa analia.

Msibebe maji na vitambaa vya kutosha siku moja tu.

Usimfiche mama yako ulichoweka ndani ya mashua.

Na wewe mama, usimpe mtoto hofu yako aibebe. Ataibeba kweli.

Dukani, nunua unga, uondoke.